Usalama na Afya: Klaksoni iliyonyamaza



Leo ukurasa wetu hausemi juu ya malaria wala juu ya viatu vya usalama. Unasema juu ya klaksoni. Utaniuliza: "Enfirmye, klaksoni na lupitalo vinakutana wapi?" Vilikutana mlangoni pa dispansere, Jumatano moja mwishoni mwa mvua, mzee mmoja alipoingia amembeba mtoto wa jirani yake.

Mtoto alikuwa na miaka 13. Alikuwa anarudi kutoka Panda juu ya kinga, na mfuko wa makala nyuma. Mzee, mtu wa pansheni, alikuwa anashuka na Volkswagen yake ya zamani, ile Coccinelle ya mgongo wa duara. Mtoto alitaka kukwepa shimo, akaingia katikati ya barabara bila kuangalia nyuma. Mzee akabonyeza klaksoni. Kimya. Akakanyaga breki, gari likateleza, likaigonga kinga. Mkono wa kushoto wa mtoto ulivunjika mahali pawili.

Nilipokwisha kuufunga mkono na vipande vya mbao ili mtoto apelekwe kupigwa picha, nilimwuliza mzee: "Papa, klaksoni imekufa tangu lini?"

Aliinamisha kichwa. "Tangu mwezi wa nane, mwanangu. Nilikuwa ninapiga mlango kwa mkono, watu wanasikia."

Miezi saba! Na kwa nini? Kwa sababu fundi mmoja wa mjini alimwambia kwamba ni lazima kufungua usukani wote na kununua klaksoni mpya Lubumbashi. Bei yake ilipita nguvu ya pansheni. Basi mzee akangoja. Lakini siku ya Mungu iliyofuata, mimi na jirani mwingine, fundi wa umeme wa magari, tulitafuta ugonjwa. Tuliupata kwa muda wa saa moja na nusu. Dawa yake ilikuwa karatasi ya msasa na kipande cha waya kirefu kama kiganja cha mkono.

Ndiyo sababu ninakuandikia. Klaksoni ya gari la zamani ikinyamaza, mara nyingi haikufa. Imezibwa tu mahali fulani, na mahali hapo panatafutika.

KLAKSONI INALIAJE?

Jina hili lilikuja kutoka Marekani. Mwaka 1908 honi ya Klaxon ilianza kuuzwa huko. Aliyeivumbua, Miller Reese Hutchison, ndiye pia aliyetengeneza chombo cha umeme cha kuwasaidia viziwi kusikia. Watu walimtania kwamba anaharibu masikio kwa mkono mmoja ili auze dawa yake kwa mkono wa pili.

Klaksoni ya gari lako ina bamba jembamba la chuma, na nyuma yake waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita katika waya huo, unakuwa sumaku na kulivuta bamba. Bamba likivutwa linakata njia ya umeme, linarudi, umeme unapita tena. Inakuwa hivyo mara mia kadhaa katika sekunde moja, nawe unasikia sauti.

Shika jambo hili moja: klaksoni inataka umeme mwingi kuliko taa ndogo. Kwa hiyo njia chafu ya umeme inaweza kuwasha taa ndogo na bado klaksoni ikanyamaza.

KABLA YA KUGUSA

Vua pete na saa. Pete ikigusa umeme na chuma cha gari kwa pamoja, inakuwa nyekundu mara moja na kuunguza kidole mpaka mfupani.

Usivute sigara karibu na bateri, maana bateri inatoa hewa inayoweza kulipuka. Katika Coccinelle bateri iko chini ya kiti cha nyuma. Angalia kwamba ina kifuniko chake, kwa sababu chuma za kiti zikigusa vichwa vya bateri, kiti kinaweza kuwaka moto na watoto wako juu yake. Maji ya bateri yakiruka machoni, osha kwa maji mengi safi dakika 15 au zaidi, kisha uje dispansere. Usitie mafuta wala maziwa.

TAFUTA KAMA MGANGA

Mganga hapasui mtu kabla ya kumwuliza na kumpapasa. Fanya vivyo hivyo. Tengeneza taa ya kujaribia: ampule ndogo ya gari na nyaya mbili. Uhakikishe kwanza kwamba ampule ni ya nguvu ya bateri yako. Volkswagen za kwanza zilikuwa na volti 6. Tangu miaka ya 1966 na 1967 nyingi zikapata volti 12.

1. Uliza gari. Je, klaksoni imenyamaza kabisa? Inalia kama mtu mwenye mafua? Inalia usukani ukikata kona tu? Kunyamaza kabisa ni njia iliyokatika. Sauti ya mafua ni njia chafu au bateri dhaifu. Kulia kwenye kona tu ni ugonjwa wa ndani ya usukani.

2. Angalia fuzibile. Itoe, angalia kama imekatika, sugua ncha zake na mahali inapokaa. Fuzibile nzima yenye ncha chafu ni kama mlango uliofungwa. Usiweke kamwe msumari wala karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara! Fuzibile inakufa ili gari lisiungue.

3. Nenda kwenye klaksoni yenyewe. Katika Coccinelle iko mbele, chini ya bawa la upande wa kushoto. Chomoa nyaya zake mbili. Washa kontakti. Shika ncha moja ya taa kwenye chuma safi cha gari, na ncha ya pili uiguse kwenye kila waya. Waya mmoja lazima uwashe taa. Usipowasha, umeme haufiki: rudi kwenye fuzibile.

4. Waya mmoja ukiwasha, urudishe mahali pake. Sasa chukua waya mwingine mfupi, unganisha mguu wa pili wa klaksoni na chuma safi cha gari. Ikilia, klaksoni ni nzima na ugonjwa uko katika usukani. Isipolia, klaksoni yenyewe ni mgonjwa.

Angalia sana: njia hii ni ya magari kama Volkswagen, ambamo kitufe kinapeleka umeme kwenye masi, yaani chuma cha mwili wa gari. Katika magari mengine kitufe ndicho kinacholeta umeme, na taa yako itawaka pale tu mwenzako anapobonyeza. Hapo tazama kama klaksoni imekazwa vizuri kwenye chuma kisicho na kutu, maana masi yake ni pale.

TULICHOKIKUTA

Tulipofika hatua ya nne, klaksoni ya mzee ililia mpaka mbwa wa jirani wakakimbia. Mzee alikaa chini kwenye ngazi ya nyumba yake. Alisema neno moja tu: "Ilikuwa nzima."

Basi tukafuata njia ya usukani. Chini, pale nguzo ya usukani inapokutana na sanduku lake, kuna duara la mpira linalopunguza mtetemo. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kiwanda kiliweka waya mfupi unaoruka juu ya mpira ule ili masi ifike kwenye kitufe. Waya wa mzee ulikuwa umeliwa, na ncha yake ilikuwa kijani.

Ninyi watu wa Shituru, kijani hiki mnakijua kuliko mimi. Shaba ikikaa katika maji na hewa inarudi kuwa kama jiwe lile la malakita ambalo baba zetu walilichimba. Na malakita haipitishi umeme. Katika sala ya elektrolisi mnajua vizuri kwamba kontakti chafu ni kazi iliyopotea. Gari lako lina sheria ile ile. Mvua yetu ya Novemba mpaka Machi inaingiza maji, na kiangazi kinaleta vumbi la kufunika kila kitu.

Tulikata waya mpya, tukasugua chuma mpaka kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi kidogo juu ili maji yasiingie. Lakini usifungue bolti za duara lile la mpira. Zinashika usukani wako. Zikitaka kuguswa, mwite fundi wa kweli.

Kama ugonjwa ni wa klaksoni yenyewe, angalia mdomo wake kwanza. Nyigu wanapenda kujenga nyumba ya udongo humo. Safisha, kausha, uelekeze mdomo chini ili maji yatoke. Nyingi zina skrubu ndogo nyuma: izungushe robo tu, ujaribu, robo tena. Na siku ikilia peke yake bila kunyamaza, usipige usukani kwa ngumi. Toa fuzibile yake, kisha utafute.

KAZINI NA NYUMBANI

Katika machimbo mengi dereva wa kamyo kubwa anapiga klaksoni mara 1 kabla ya kuwasha moto, mara 2 kabla ya kwenda mbele, mara 3 kabla ya kurudi nyuma. Hakubaliwi kuanza zamu na klaksoni iliyokufa. Sasa niambie: mtu huyo huyo akitoka kazini, anapanda gari lake lisilo na sauti na kupita mbele ya masomo ambamo watoto wake wanatoka. Je, mtoto wa kambi ana thamani ndogo kuliko mtu wa machimbo?

Nawe dereva, usigeuze klaksoni kuwa matusi. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya barabara yanasema kwamba inapigwa kwa kuzuia ajali, wala isirefushwe bila sababu. Mbele ya lupitalo kuna wagonjwa wanaolala. Tena, klaksoni haisimamishi gari. Mbele ya mtoto, mguu wako uende kwanza kwenye breki.

Ajali ikitokea, usimvute majeruhi kwa haraka. Simamisha magari mengine. Damu inayotoka izuie kwa kitambaa safi, ukikandamiza kwa nguvu. Mkono au mguu uliovunjika uufunge jinsi ulivyo, bila kuunyosha. Akiumia shingo au mgongo, asiketishwe, angoje watu wanaojua kumbeba.

Mkono wa mtoto umepona. Tuliondoa plata baada ya wiki sita, naye amerudi kwenye kinga yake. Mzee alilipa kinga ile kidogo kidogo kutoka katika pansheni yake, na fedha ile ilipita mara nyingi bei ya kipande chetu cha waya.

Kesho asubuhi, kabla ya kutoka uani, bonyeza mara moja. Ikilia, nenda salama. Ikinyamaza, usiondoke: chukua taa yako ndogo uanze kutafuta.