Unyevu wa Dentini na Uimara wa Kijazio

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, floraidi iliyomo katika baadhi ya maji huacha madoa na vishimo menoni. Anayeshuka Moshi kuzibwa jino la namna hiyo, au lililotoboka, mara nyingi hutegemea gundi. Asidi ya fosforasi ikipakwa kwa sekunde 15 huyeyusha madini ya dentini. Nyuzi za kolajeni hubaki zikiegemea maji tu. Zikikaushwa mno, hulala na kugandamana, gundi hukosa njia, na kijazio hulegea au jino huuma kwa baridi. Asetoni haiwezi kuziinua nyuzi zilizolala, maji huziinua. Kazi ya asetoni na ethanoli ni kuyafukuza maji na kuiingiza gundi mahali pake. Kwa hiyo dentini iachwe na unyevu bila dimbwi. Gundi ikishapakwa, ipulizwe polepole ili kiyeyushi kitoke, ndipo imulikwe. Mgonjwa asikiaye maumivu yasiyokoma arudi mapema.