Deni la maji humbakia nani?

Katika nyumba nyingi za kupanga jijini Dar es Salaam, mpangaji mmoja huonekana kama watu wawili. Kwenye umeme hadaiwi hata shilingi, maana LUKU, mita ya kulipia kabla, haikopeshi: yuniti zikiisha giza linaingia, na anayetaka mwanga ananunua. Kwenye maji, huyohuyo anaweza kuhama usiku akaacha ankara za miezi mitatu. Kipato chake hakijabadilika, na nidhamu yake pengine ni ileile. Kilichotofautiana ni namna huduma inavyopimwa na wakati inapolipiwa. Ndiyo maana malalamiko ya wenye nyumba kwamba wapangaji wa siku hizi hawana uaminifu hayanishawishi sana. Deni la huduma huzaliwa pale jina la mteja linapokuwa la mtu mmoja na matumizi yakawa ya mwingine. Kazi ya mwenye nyumba ni kuziba pengo hilo kabla hajakabidhi ufunguo, maana baada ya hapo hatua nyingi zilizobaki ni ghali, zina ubishi, na baadhi zinagusa sheria.

Tuanze na maji, ambako tatizo ni kubwa. Mamlaka ya maji, iwe DAWASA au ya mji mwingine, inamtambua mteja aliyesajiliwa kwenye akaunti. Ujumbe wa ankara unakwenda kwenye simu yake, hata kama anaishi Morogoro na nyumba iko Mbagala; wakati mwingine namba iliyosajiliwa ni ya marehemu na hakuna mrithi aliyekwenda kuibadilisha. Deni likikua, mafundi wanakuja kukata maji kwenye akaunti, bila kuuliza nani alioga na nani alifua. Aliyekula maji keshahama, na mpangaji mpya aliyelipa kodi ya miezi sita juzi ndiye anayekuta bomba limefungwa. Lipo pia deni la upande wa pili, ambalo wenye nyumba hawalitaji kwa urahisi: wapangaji wanachanga kila mwezi, fedha zinapita kwa msimamizi au kwa mwenye nyumba mwenyewe, na hazifiki kwenye mamlaka. Siku ya kukatiwa, kila mmoja anaapa kwamba alilipa, na wote wanasema kweli. Dawa ya hali hizi mbili ni moja. Ujumbe wa ankara utumwe kwa mpangaji siku ileile unapofika, na mpangaji alipe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya serikali, huku mwenye nyumba akihakiki salio kwenye akaunti yake. Fedha isipite mkononi mwa mtu wa kati.

Kabla ya kumwita mpangaji mdaiwa sugu, mwenye nyumba ajiridhishe kwanza kwamba maji yanayodaiwa yalitumika. Bomba likivuja baada ya mita, mamlaka inahesabu maji hayo kuwa ni ya mteja. Kuligundua hilo hakuhitaji mtaalamu: funga mabomba yote na valvu ya tangi, kisha itazame mita kwa muda. Ikiendelea kuzunguka ilhali hakuna anayetumia, kuna mahali panavuja. Bomba la chini ya ardhi ni la mwenye jengo, na si haki kumtoza mpangaji maji yaliyozama mchangani. Kwa bahati mbaya ankara huandika yuniti tu, haiandiki zilikwenda wapi, na ugomvi mwingi wa uani umeanzia hapo.

Kuna atakayesema kwamba LUKU yenyewe haijaleta amani, na ana hoja. Kwenye mita moja ya vyumba sita deni halipo, lakini ubishi wa kugawana umechukua nafasi yake: mwenye friji na pasi anachangia sawa na mwenye taa moja, na anayerudi saa nne usiku anakuta umeme umeisha na wenzake wamelala. Ubishi huo ni ushahidi zaidi wa ninachosema, kwa sababu pengo kati ya mtumiaji na mita limebaki palepale. Tena mita ya pamoja ina gharama isiyoonekana. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, mteja wa kundi la D1, yaani wa matumizi madogo yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, wakati mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292, kabla ya VAT na tozo. Chukua vyumba sita, kila kimoja kikitumia yuniti 40. Kila chumba peke yake ni mtumiaji mdogo wa D1. Wakiwekwa kwenye mita moja wanakuwa mteja mmoja wa yuniti 240 na kuangukia T1. Bili ambayo kwa pamoja ingekuwa shilingi 24,000 inakuwa shilingi 70,080. Watu wa kipato cha chini wanalipa bei ya mtumiaji mkubwa kwa sababu tu wamepanga chini ya paa moja.

Hapo linakuja pingamizi la gharama, ambalo si la kupuuza. Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme wa njia moja mjini, ndani ya mita 30 na bila nguzo, ni shilingi 320,960. Nyumba hiyo yenye mita moja tayari itahitaji tano zaidi, yaani shilingi 1,604,800, bado hujamlipa fundi wa kutenganisha nyaya za kila chumba. Lakini tofauti ya bili tuliyoiona ni shilingi 46,080 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo gharama ya kuunganisha inarudi katika miezi kama 35, na mapema zaidi ukiingiza kodi na tozo. Mwenye nyumba atauliza: inarudi kwa nani, wakati anayepata nafuu ni mpangaji? Swali zuri. Jibu lake liko midomoni mwa madalali, ambao chumba chenye LUKU yake hukitangaza kwa sifa hiyo kabla hata ya kutaja dirisha. Kodi yake huwa juu, na sehemu ya nafuu humrudia mwenye nyumba kwa njia hiyo. Asiyeweza gharama hiyo anaweza kufunga mita ndogo za ndani, zile mafundi wanazoziita sabumita. Zinamaliza ubishi wa nani katumia kiasi gani, ingawa hazibadilishi kundi la bei, kwa kuwa shirika la umeme, TANESCO, bado linaiona mita kuu tu.

Mzigo huu una upande unaomwelemea mpangaji peke yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, na mwaka 2023 ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini inakatwa kwa anayenunua umeme. Miezi ambayo hakuna aliyenunua nayo hukusanyika: nyumba iliyokaa tupu miezi sita inamsubiri mpangaji mpya na shilingi 9,000 za watu wengine. Mwenye nyumba anayelia kuachiwa deni la maji angefanya vyema kuanza kwa kumrudishia mpangaji kodi hii, au kuipunguza kwenye pango kwa maandishi.

Deni likishakuwepo, wenye nyumba wengi hukimbilia kufunga koki au kung'oa fyuzi ya mdaiwa kwa hoja kwamba nyumba ni yao. Ni yao kweli, lakini wameipangisha. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamhakikishia mpangaji anayetimiza masharti ya upangaji kukaa bila kubughudhiwa na aliyempangisha, na tangu sheria ya zamani ya kudhibiti pango ilipofutwa mwaka 2005, mengi yanategemea kilichoandikwa kwenye mkataba. Mkataba usiotaja maji unampa mwenye nyumba mguu dhaifu mbele ya Baraza la Kata, ambalo siku hizi linasuluhisha tu, na mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya pia. Halafu tuwe wakweli: nani atafungua shauri kwa ajili ya shilingi elfu themanini? Kufunga koki nako hakuleti fedha, na kwenye bomba la pamoja kunawakausha waliolipa.

Linalobaki ni amana. Wapo wanaoipinga wakisema mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, pamoja na ya dalali, asiongezewe mzigo. Nakubaliana nao kuhusu amana ya mwezi mzima wa pango. Ila ankara ya maji ya kawaida ni ndogo kuliko pango, na amana inayolingana na ankara mbili inatosha kufunika muda kati ya kusoma mita na kukatiwa. Isindikizwe na picha ya mita siku ya kuingia na siku ya kutoka, namba zikiandikwa kwenye mkataba, na irudishwe siku ambayo salio la akaunti ni sifuri. Kuingiza maji ndani ya kodi kunafaa pia, hasa kwenye nyumba ndogo ambako bibi mwenye nyumba anaishi humohumo na kuhesabu kila ndoo kungeharibu ujirani. Kwa umeme sikushauri. Mwenye jiko la umeme atapika kwa fedha za majirani.

Mamlaka za maji nazo zimeanza kufunga mita za malipo ya kabla. Zikienea, deni la maji litatoweka kama lilivyotoweka la umeme, na vyumba sita kwenye mita moja vitaanza kugombania ndoo kama vinavyogombania yuniti. Anayejenga leo Chanika au Kivule anaweza kulikwepa hilo kwa bei ya bomba na nyaya za ziada: kila chumba au upande upewe njia yake ya maji na saketi yake ya umeme kabla ya kupiga plasta, hata kama mita zenyewe zitafungwa miaka mitano baadaye.