Pipa la Maji Nyuma ya Maksai: Hesabu ya Kushindilia Mbegu ya Nyasi

Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Ukitaka kuikanyaga yote kwa miguu baada ya kumwaga mbegu, na unyayo wako ukawa unafunika sentimita za mraba 200, utapiga hatua zipatazo 202,000. Kwa mwendo wa hatua 100 kwa dakika, hiyo ni kazi ya karibu saa 34, yaani siku tano za kibarua mmoja. Ukimlipa Sh 500 kwa siku, umetumia Sh 2,500 kwa ekari. Bei hiyo ya miguu ndiyo ambayo mashine yoyote ya kushindilia udongo, iwe ya dukani au ya kujiundia, haina budi kuishinda.

Bei zote ninazotumia hapa ni makadirio yangu kwa shilingi ya Kenya. Ziondoe uweke za soko lako. Njia ya kukokotoa itabaki ile ile.

Kwanza, kwa nini udongo ushindiliwe? Mwenye kupanda mahindi hana haja ya kuuliza, kwa kuwa punje yake ni kubwa, inaingia chini sentimita 5 na kufukiwa kwa jembe au kwa mguu, basi. Mbegu ya nyasi ina mambo yake. Boma Rhodes, ambayo wafugaji wengi wa Kenya wanaipanda kwa ajili ya marobota, ina mbegu ndogo, nyepesi, yenye vinywele, na haitakiwi kuzama zaidi ya sentimita 2. Shika kiganja cha mbegu hiyo uipulize, nusu itaruka. Ukiimwaga kwenye shamba lililopigwa haro jana, nyingine inanasa kati ya mabonge, imegusana na udongo upande mmoja tu, na pande zilizobaki zimezungukwa na hewa. Mvua ya kwanza inaipa unyevu wa kuchipua. Jua la siku tatu linafuata, sentimita 2 za juu zinakauka, na kimche ambacho mzizi wake haujafika chini kinakufa. Mkulima anasema mbegu ilikuwa mbovu. Mara nyingi mbegu ilikuwa nzima, ila ilikosa kushikana na udongo.

Udongo ukishindiliwa, mapengo makubwa yanafungwa, unyevu wa chini unapata njia nyembamba za kupandia, na mbegu inabanwa pande zote. Wakulima wa teff katika nyanda za juu za Ethiopia wanalijua hili tangu zamani. Mbegu ya teff ni ndogo mno, kiasi kwamba elfu moja hazifikishi hata nusu gramu. Kabla ya kuimwaga, huswaga ng'ombe, punda na kondoo wazungukezunguke shambani mpaka udongo ukaze. Huko Uingereza, William Cambridge alipata haki ya ubunifu wa rola yake ya pete katika miaka ya 1840, na rola za aina hiyo bado zinaitwa kwa jina lake. Ng'ombe wa Ethiopia na chuma cha Cambridge vinafanya kazi moja.

Sasa tuangalie hasara ya kutoshindilia. Chukua mbegu kilo 5 kwa ekari, kwa Sh 1,000 kila kilo. Hiyo ni Sh 5,000. Shamba likiota viraka itabidi upige haro tena, tuseme Sh 2,500, halafu umwage mbegu nyingine. Kurudia ekari moja kunakula Sh 7,500, na hapo sijahesabu mvua iliyopita. Mvua ndiyo inayoniuma zaidi. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, maeneo kame ya Kenya yalipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, na kila aliyefuga Kajiado, Laikipia au Marsabit anakumbuka jinsi robota la nyasi lilivyotafutwa. Mfugaji akipoteza msimu kwa sababu ya mbegu iliyoning'inia hewani, hakuna duka litakalomuuzia msimu mwingine.

Rola rahisi kuliko zote hutengenezwa kwa pipa la chuma la lita 200. Lina kipenyo cha karibu sentimita 58 na urefu wa sentimita 88, na likiwa tupu halizidi sana kilo 18. Ukilijaza maji, ukaongeza ekseli na fremu za kilo 30, unapata kilo 250 kwa mkupuo. Je, zinatosha? Tuseme rola inazama sentimita 2 kwenye udongo laini. Sehemu yake inayogusa ardhi wakati wowote ina upana wa sentimita 10.5 hivi kwa urefu wa 88, yaani karibu sentimita za mraba 925. Gawanya, utapata kilo 0.27 kwa kila sentimita ya mraba. Mtu wa kilo 70 anayetembea hukanyaga kwa kilo 0.35. Kwa hiyo pipa la maji linabana udongo kidogo chini ya mguu wa mtu mzima, na hicho ndicho kiasi ambacho mbegu ndogo inahitaji.

Wengi hawaridhiki. Wanataka kujaza zege, na ni kweli uzito ndio kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika kazi hii: lita 200 za zege zinahitaji mfuko mmoja na nusu wa saruji, pamoja na mchanga na kokoto. Kwa pesa isiyofika Sh 2,500 umepata rola ya kilo 530. Tatizo linakuja kwa anayevuta. Kwenye udongo uliotoka kulimwa, kuvuta rola kunataka nguvu inayokaribia robo ya uzito wake. Pipa la maji linadai nguvu ya kilo 62 hivi. Maksai wa kilo 300 anavuta kwa saa kadhaa bila kuumia nguvu ya karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au zaidi kidogo. Jozi moja inatoa kilo 60 hadi 70. Inatosha barabara. La zege linadai kilo 132, yaani jozi mbili au trekta. Punda wa kilo 130 akivuta kilo 20, utahitaji watatu kwa pipa la maji. Na vijana wawili wenye nguvu? Watalisogeza mita chache kwa fahari, halafu watakaa chini. Labda walijaze nusu, libaki na kilo 150, wavute wanne.

Zege lina kasoro nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa, nayo ni kwamba halipungui. Maji unaweza kuyamwaga udongo ukiwa mzito, ukayaongeza ukiwa wa kichanga. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Athi River au Kajiado, rola ya kilo 530 ikipita wakati una unyevu inaacha gamba gumu ambalo kimche cha nyasi hakiwezi kulitoboa. Kwa nguvu za wanyama, mimi nashikilia maji.

Tuingie kwa fundi wa jua kali. Pipa lililotumika, Sh 3,000. Ekseli ya bomba nene lenye urefu wa mita 1.2, Sh 2,000. Beringi mbili zenye vikalio vyake, Sh 3,000. Chuma cha pembe cha mita 6 kwa ajili ya fremu, Sh 4,000. Kuchomelea na ujira, Sh 4,000. Vizibo, rangi na grisi, Sh 1,000. Jumla Sh 17,000. Beringi zinaweza kubadilishwa kwa vipande viwili vya mbao ngumu vilivyotobolewa na kupakwa grisi, ukaokoa zaidi ya Sh 2,000, kwa sababu rola inazunguka polepole mno kiasi kwamba mbao inavumilia misimu kadhaa.

Mahali pasipofaa kuokoa ni pale ekseli inapokutana na pipa. Bati la pipa lina unene wa takriban milimita 1, na ukichomelea ekseli moja kwa moja juu yake, kilo 250 zinazozunguka zitalipasua siku ya kwanza. Weka bamba la milimita 5 au 6, lenye sentimita 20 kwa 20, kila upande, na ekseli ipite katikati ya pipa kutoka mwisho hadi mwisho. Pima katikati mara mbili. Ikikosewa kwa sentimita 1, rola itarukaruka na kuacha mistari ya udongo laini kila mita 1.8, ambayo ndiyo duru moja ya pipa. Utaiona mistari hiyo wiki mbili baadaye, nyasi zikiota kwa vipindi.

Na hapa naomba fundi na mwenye shamba wanisikilize vizuri. Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli au thina hulipuka likichomelewa, hata kama limekaa tupu mwaka mzima, kwa sababu mvuke unabaki ndani. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vizibo vyote viwili vitolewe, kisha lijazwe maji mpaka karibu na sehemu inayochomelewa, kukibaki na nafasi ya kupumulia. Pipa la dawa za wadudu usilinunue kabisa. Maji yatakayotoka humo mwisho wa msimu yataishia kwenye kisima au kwenye birika la ng'ombe.

Rola hii inafanya kazi kiasi gani? Ukipishanisha njia kwa sentimita 10, upana unaofaa ni sentimita 78, na ekari inakuwa mwendo wa kilomita 5.2. Maksai kwa kilomita 2.5 kwa saa, pamoja na kugeuza na kupumzika, wataimaliza kwa karibu saa tatu. Ekari mbili kwa siku. Kama nafasi ya kupanda kabla mvua haijakolea ni siku kumi, rola moja inahudumia ekari 20 kwa msimu.

Gharama inabadilika hapo. Chukua miaka mitano ya uhai, kwa kuwa bati jembamba linaliwa na kutu kutoka ndani, hata ukimwaga maji kila msimu. Weka Sh 600 za matengenezo kwa mwaka. Jumla ya kumiliki ni Sh 20,000. Kukodi maksai tuseme Sh 1,000 kwa ekari. Ikilinganishwa na Sh 2,500 za miguu, kila ekari inaokoa Sh 1,500. Rola inajilipa ikishapita ekari 14 katika maisha yake yote. Ikifika ekari 40, kushindilia ekari moja kunashuka hadi Sh 1,500. Ikifika 100, Sh 1,200. Kwenye ekari 40, ikikuepusha kurudia ekari moja kati ya tano, imelipa gharama yake yote.

Ekari 14 zinaonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba Boma Rhodes haipandwi kila mwaka. Ikishika, unaivuna miaka kadhaa. Mwenye ekari tano anazipanda mara moja, halafu rola inalala chini ya mti. Huyo akijiundia ya kwake peke yake, kushindilia kunamgharimu zaidi ya Sh 4,000 kwa ekari, wakati vibarua wangemaliza kwa Sh 2,500. Kwa hiyo rola hii ni chombo cha chama au cha kijiji. Mmoja anaweza kuimiliki na kuikodisha kwa Sh 800 kwa ekari bila maksai. Jirani atalipa jumla Sh 1,800, ambayo bado iko chini ya miguu, na mwenyewe atarudisha pesa yake kwenye ekari ya 25.

Wenye trekta wanaweza kupanga mapipa matatu kwa upana wa mita 2.4 na kumaliza zaidi ya ekari 15 kwa siku. Lakini matumizi hayo yanafaa watu wenye mamia ya ekari au kazi ya kukodisha.

Yako mambo mawili ya shambani ambayo hesabu haiyaonyeshi. Kwenye mteremko, usivute rola kwa mnyororo mtupu. Itawakimbilia maksai na kuwagonga visigino. Tumia mti mgumu kutoka kwenye nira mpaka kwenye fremu, na upite kukingama na mteremko. Pia pipa laini huacha ardhi laini, na mvua kubwa inateleza juu yake. Fundi anaweza kuchomelea pete nane za nondo kuzunguka pipa, zikiachana sentimita 10 hivi. Zitakula mita 15 za nondo, lakini zitaacha vijifereji vinavyoshika maji na mbegu.

Kabla ya kumwaga mbegu, tembea shambani. Kisigino kikizama zaidi ya sentimita 1, pitisha rola kwanza, mwaga mbegu, kisha pitisha tena, na uhesabu gharama ya kuvuta mara mbili. Finyanga udongo mkononi. Ukinata na kujikunja kama unga uliokandwa, subiri ukauke.

Na kabla ya kumpelekea fundi pipa, pita kwa majirani ujumlishe ekari mnazotarajia kupanda nyasi katika miaka mitano ijayo. Zikipita 14, changeni muunde rola moja sasa, kabla ya mvua za Oktoba. Zisipofika, lipeni vibarua wakanyage, na Sh 17,000 mzitumie kununulia mbegu iliyothibitishwa.