Mguu wa Jabari haujatulia

Makala ya wiki iliyopita iliishia kwa Betelgeuse, nyota nyekundu iliyofifia mwishoni mwa 2019 hadi wengi wakadhani inakata roho. Ng'ambo ya pili ya zile nyota tatu zilizopangana mstari katika kundi la Jabari inakaa jirani yake, ambayo siku nyingi huishinda kwa mwanga lakini haiandikwi magazetini. Ni Rijili. Kwenye ramani za kimataifa huandikwa Rigel.

Mwanzoni mwa Februari, kaskazi ikivuma na mawingu yakiwa haba, mtu aliyesimama uani Rufiji saa tatu usiku hana haja ya kuitafuta. Ainue uso mpaka shingo ilalamike: nyota nyeupe yenye rangi ya buluu kwa mbali, utosini kabisa, ndiyo hiyo. Rijili iko nyuzi 8 na kidogo kusini ya ikweta ya anga, na Rufiji iko takriban nyuzi 8 kusini ya ikweta ya dunia, kwa hiyo nyota hii hupita juu ya paa za huko kama iliyopimwa kwa timazi. Wa Mombasa wataiona imeelekea kusini kidogo, wa Songea imeelekea kaskazini.

Jina ni la Kiarabu: rijl, yaani mguu. Waarabu wa kale waliiita Mguu wa Jauza, na Jauza yao ilikuwa kundi hilihili la Jabari. Baadaye jina la Jauza likahamia kwa Mapacha, ndiyo maana mtu aliyejifunza falaki kwa hesabu za buruji akisikia Mguu wa Jauza huenda akaelekeza kidole pasipo. Mguu umebaki mahali pake. Mwenye mguu ndiye aliyehama.

Umbali wake ni takriban miakanuru 860, na kipimo hicho kinaweza kukosea kwa miaka kama 80 huku au huku. Hilo si kosa dogo. Ukitoa 860 kutoka mwaka huu unafika miaka ya 1160. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Mwanga unaoingia jichoni leo huenda uliondoka wakati maandishi yale bado mapya, au wakati walioyachonga wameshakuwa wazee, au baada ya wajukuu wao. Wenye kupima nyota wameridhika na jibu la namna hiyo kwa sasa, kwa sababu nyota angavu mno huipa taabu hata mitambo ya kisasa iliyozoea kupima nyota hafifu.

Inaonekana hivi kutoka mbali hivyo kwa sababu ni jitu. Jua likiwa punje ya dengu, Rijili ni sinia la pilau la kulia watu sita: kipenyo chake ni zaidi ya mara 70 ya kile cha Jua. Ingewekwa mahali pa Jua, ukingo wake ungekaribia njia ya Utaridi. Uzito wake ni kama majua 21, mwanga wake unakadiriwa kuwa mara 120,000 ya ule wa Jua, na joto la uso wake hufika nyuzi 12,000 hivi, mara mbili ya Jua. Ndiyo sababu ya ile buluu. Mhunzi anajua kwamba chuma kikianza kupata moto huwa chekundu, kikizidi huwa cheupe. Nyota huvuka hapo na kwenda kwenye buluu, mahali ambapo mvukuto wa mhunzi haufiki.

Matumizi makubwa namna hiyo hayadumu. Jua lina miaka bilioni 4.6 na bado liko katikati ya maisha yake. Rijili ina miaka milioni 8 hivi, na haidrojeni ya kiini chake imeshakwisha.

Sasa kuhusu kutotulia. Mtu akiambiwa nyota hii inatetemeka husema, ndiyo, hata mimi naiona. Anachokiona ni hewa. Kumetameta kwa nyota hutoka kwenye angahewa ya dunia na hutokea mara nyingi kwa sekunde moja. Nyota iliyo utosini, ambapo mwanga hupita kwenye hewa kidogo zaidi, humeta kidogo kuliko iliyo karibu na upeo. Kwa hiyo mtu wa Rufiji ndiye anayeiona Rijili ikiwa imetulia kuliko watu karibu wote duniani, wakati yenyewe haijatulia hata siku moja. Mwendo wake halisi ni wa siku na wiki. Uso unavimba mahali na kunywea mahali, mwanga unapanda na kushuka, na tofauti kati ya kilele na bonde inaweza kufika asilimia 12 hivi. Jicho halinasi badiliko la pole namna hiyo, hasa kama halina nyota ya jirani ya kulinganishia.

Kilicholinasa ni kipimo cha mwendo, si cha mwanga. Lori la masafa likija huku limebonyeza honi, sauti huwa nyembamba. Likishapita huwa nzito. Mwanga nao hufanya vivyo hivyo: uso wa nyota ukija kwetu, mistari ya rangi zake husogea upande wa buluu, ukirudi ndani husogea upande wa nyekundu. Kwa njia hiyo George Paddock wa kituo cha Lick, California, aliifuatilia Dhanabu, nyota ya buluu ya aina ileile iliyo mkiani mwa kundi la Bata-maji, na mwaka 1935 akaeleza kwamba inapumua kwa kipindi cha siku zipatazo 12. Lakini hesabu haikukaa sawa. Kila mzunguko ulikuja na umbo lake. Mwaka 1976 mtafiti Leon Lucy alizichukua namba zilezile za Paddock akazichambua upya, akakuta mapigo 16 yamelaliana. Tangu hapo Dhanabu imekuwa mama wa ukoo: nyota zote za tabia hii huitwa kwa jina lake la kitaalamu, Alpha Cygni, na Rijili imo ndani ya ukoo huo.

Zamu ya Rijili ilikuja 2009. MOST, chombo cha Kanada chenye ukubwa wa sanduku la safari, kiliikodolea macho kwa karibu siku 28 mfululizo kutoka angani, huku darubini za ardhini zikipima mwendo wa uso wake kwa zaidi ya miaka sita. Matokeo yalichapishwa 2012: mapigo 19, la haraka kuliko yote likichukua siku 1.2 na la polepole kuliko yote siku karibu 75. Si ngoma moja. Ni ngoma 19 uwanja mmoja, kila moja na mpigaji wake, na hakuna anayemsubiri mwenzake.

Nani anapiga? Maelezo yanayotajwa sana yanahusu chuma. Ndani ya nyota, panapofika joto la nyuzi laki mbili hivi, chembe chache za chuma huzuia mwanga usitoke, kama kifuniko kinavyozuia mvuke wa sufuria ya wali. Mvuke hujaa, kifuniko hunyanyuka, mvuke hutoka, kifuniko hurudi; mwenye kukaa jikoni husikia tak, tak, tak. Wataalamu wengine wanaelekeza macho chini zaidi, kwenye tabaka ambako haidrojeni ingali inaungua kulizunguka kiini. Huenda wote wana sehemu ya ukweli, kwa kuwa mapigo ya siku moja na ya siku 75 hayawezi kuwa na asili moja kirahisi.

Faida ya makelele haya ni kwamba yanajibu swali ambalo kutazama tu hakujibu: Rijili inaenda au inarudi? Nyota nzito ikimaliza haidrojeni ya kiini huvimba na kupoa, ikielekea kuwa nyekundu kama Betelgeuse. Nyingine huwa nyekundu, zikapoteza mzigo mkubwa wa gesi kwa upepo wao, kisha zikarudi kuwa za buluu. Kwa macho, ya kwenda na ya kurudi hufanana. Mwaka 2013 watafiti Hideyuki Saio, Cyril Georgy na Georges Meynet walionyesha kwamba mapigo mengi kama ya Rijili na Dhanabu hutokea kwenye vielelezo vya nyota zinazorudi. Vilevile walikiri tatizo lao: nyota iliyorudi ilitakiwa iwe na naitrojeni nyingi usoni kuliko inayopimwa. Mwaka uliofuata walibadili namna ya kukokotoa mchanganyiko wa gesi ndani ya nyota, na sehemu kubwa ya pengo ikaziba. Ni nadra mtu kuchapisha ushahidi dhidi ya hoja yake mwenyewe, kisha akarudi kuutafutia dawa.

Jibu la swali hilo lina uzito kwa sababu ya kilichotokea usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Februari 1987. Kwenye kituo cha Las Campanas nchini Chile, Oscar Duhalde, mwendesha darubini, alitoka nje kupumzika, akainua macho, akaona nyota isiyokuwapo jana yake ndani ya Wingu Kubwa la Magellan. Usiku uleule, kituoni hapohapo, Ian Shelton aliikuta kwenye picha yake. Ilikuwa supanova, na kwa miezi kadhaa ilionekana kwa macho matupu nusu yote ya kusini ya dunia, Afrika Mashariki ikiwamo, chini upande wa kusini. Picha za zamani zilipotazamwa, aliyelipuka alikuwa Sanduleak −69 202, jitu kuu la buluu. Vitabu vya wakati huo vilitegemea nyota nyekundu ndiyo ilipuke. Kwa hiyo kama Rijili inarudi, huenda nayo ikalipuka ikiwa bado ya buluu.

Wiki ijayo ni Suheli, nyota iliyowapa mabaharia wa pwani jina la kusini.