Kibao cha mbao hakina kosa, kesi iko kwenye vumbi lake

Boti za migebuka zikitia nanga Kibirizi, mkoani Kigoma, alfajiri, samaki hawakai sana mwaloni. Kabla jua halijapanda wameshaingia majikoni Mwanga, Ujiji na Buzebazeba, na hapo kibao kinatolewa nyuma ya mlango. Mara nyingi ni kipande cha mbao kilichobaki kwenye kitanda au mtumbwi, kikapigwa randa na fundi wa mtaani uani kwake. Fundi wa namna hiyo hachagui kazi: leo vibao vya kukatia, kesho bao la kete lenye mashimo 32, keshokutwa miiko.

Mnunuzi wa siku hizi huuliza swali moja tu: si afadhali kile cha plastiki? Dhana kwamba plastiki ni safi na mbao ni chafu imeenea duniani kote, na kwa muda mrefu hata wakaguzi wa chakula waliishikilia bila kuipima.

Aliyeipima ni Dean Cliver, mtaalamu wa usalama wa chakula nchini Marekani. Yeye na wenzake walianza wakitafuta namna ya kusafisha vibao vya mbao ili viwe salama kama vya plastiki. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1994, yaligeuza kibao. Walipaka bakteria wa salmonela, listeria na aina hatari ya E. koli kwenye vibao vya aina zote mbili. Plastiki mpya ilisafishika vizuri. Plastiki iliyochanjwachanjwa na visu ilibaki na bakteria hai ndani ya mikwaruzo hata baada ya kuoshwa kwa mkono. Kwenye mbao, mpya au kuukuu, bakteria walinyonywa chini ya uso, hawakuzaliana, na taratibu wakafa.

Siri iko katika umbile la mti wenyewe. Mbao ni mirija midogo iliyopangana, ile iliyokuwa ikipandisha maji kutoka kwenye mizizi. Mti ukishakatwa na kukauka, mirija hiyo ina kiu: hunyonya unyevu ulioko juu ya kibao, nao bakteria hukaushwa humohumo. Plastiki haina pa kuupeleka unyevu huo. Utafiti wa mwaka 2023 kutoka jimbo la North Dakota uliongeza jambo jingine: kisu hukwangua chembechembe za plastiki zinazoingia kwenye chakula, na makadirio yalikuwa gramu 7 hadi 50 kwa mtu kwa mwaka kutoka kibao cha polithini. Watafiti hao hawakuona madhara walipozijaribu kwenye seli za panya, kwa hiyo hakuna haja ya kutupa kibao chako leo.

Lakini sifa za mbao zina masharti yake. Kibao kisichokauka hakinyonyi kitu. Kilichopasuka kina ufa unaotunza damu ya samaki. Na kilichosuguliwa kwa maji ya ziwa yasiyotibiwa hakijaoshwa. Mkoa huu unalijua hilo tangu Mei 2015, kipindupindu kilipolipuka kati ya wakimbizi wa Burundi waliojaa Kagunga, kijiji cha mwambao kilicho mpakani. Kinachofaa ni sabuni na maji safi ya moto, kisha kibao kisimamishwe wima kipigwe na upepo pande zote. Anayetaka uhakika zaidi atumie kijiko kimoja cha mezani cha klorini ya kufulia katika lita nne za maji. Jambo la kukazia hapa ni kachumbari. Mgebuka utapita motoni na bakteria wake watakufa, ila nyanya na vitunguu vilivyokatiwa kwenye kibao hichohicho vinakwenda mezani vibichi. Nyumba moja, vibao viwili.

Kuhusu mti wa kutumia, fundi anataka mbao ngumu, yenye vinyweleo vidogo na isiyo na ladha. Mtiki unafaa. Mninga ni mzuri kwa macho na hauchezi sana ukikauka, ila una rangi nyekundu inayoweza kuchuja kwenye kitu chenye maji kibao kikiwa kipya. Miembe, ambayo Ujiji imejaa tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, hutoa mbao yenye mistari ya kupendeza, lakini bungua wanaipenda kuliko wateja. Dawa yake isiwe sumu ya wadudu, maana kibao ni chombo cha chakula. Joto linatosha: kanuni ya kimataifa ya kutibu mbao za makasha ya mizigo inataka kiini cha mbao kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30.

Kosa kubwa zaidi huja mwishoni, wakati wa kupaka mafuta. Oili chafu ya injini, inayopakwa kwenye nguzo na mbao za paa kuzuia mchwa, isikaribie kibao wala bao la kete. Ndani yake mna masalia ya kuungua yanayosababisha saratani, na hupenya ngozi. Mawese nayo, hata kama ndiyo fahari ya Kigoma, hayafai. Hayagandi yakikutana na hewa, bali hukaa majimaji ndani ya mbao na kuchacha, na baada ya majuma kadhaa kibao kinanuka. Mafuta ya kitani huganda, ila matambara yaliyoloweshwa nayo yakirundikwa hupata joto na kuwaka yenyewe. Njia rahisi ni parafini ya maji inayouzwa famasi, ikichanganywa na nta ya nyuki, ambayo mkoani humu haitafutwi mbali: sehemu nne za parafini kwa moja ya nta, ziyeyushwe kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto.

Hadi hapo mlaji yuko salama. Aliyemtengenezea je?

Katika miaka ya 1960, daktari wa pua na koo Esmé Hadfield, wa mji wa High Wycombe nchini Uingereza, aliona jambo lisilo la kawaida. Saratani adimu ya ndani ya pua ilikuwa ikijirudia kwa wagonjwa wake, na wengi walikuwa mafundi wa viti na samani, kazi iliyoupa mji huo jina. Utafiti aliofanya na wenzake, uliochapishwa mwaka 1968, ulithibitisha kwamba chanzo kiko kazini. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Ugonjwa huu huchukua miongo kujitokeza, ndiyo maana kijana wa karakana haoni sababu ya kuogopa. Pumu haingoji hivyo: vumbi la mninga, la mvule na la mpingo linajulikana kwa kuziba vifua na kuwasha ngozi za mafundi.

Kiasi gani ni kingi? Ulaya inaruhusu miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita ya ujazo ya hewa. Chukua chumba cha mita tatu kwa nne chenye urefu wa mita mbili na nusu. Gramu moja ya vumbi laini, kama kijiko cha chai, ikitawanyika humo inafikisha karibu mara 17 ya kiwango hicho. Ndani ya karakana iliyo nyumbani, hewa hiyo si ya fundi peke yake. Mtoto anayelala chumba cha pili anaivuta pia.

Hapa ndipo bao la kete linapokuwa kazi ya hatari kuliko kibao. Mashimo 32, kila moja lisuguliwe hadi kete iteleze, na siku hizi wengi husugua kwa grenda yenye msasa. Randa, tezo na patasi hutoa maranda mazito yanayoanguka miguuni. Msasa wa mashine hutoa chembe ndogo zinazoelea kwa saa nyingi, na hizo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mzee wa Ujiji aliyechonga bao kwa patasi chini ya mwembe alikuwa na mpangilio bora wa afya kuliko karakana nyingi za kisasa, japo hakuupanga.

Kwa anayeendelea na grenda, asugulie nje, upepo ukimpiga ubavuni. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizo. Inayohitajika ni ya N95 au mfano wake, iliyobana usoni. Sakafu ifagiliwe ikiwa imenyunyizwa maji, na nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia ndani. Na fundi wa miaka mingi ambaye tundu moja la pua limeziba kwa majuma au linatoka damu mara kwa mara asilinunulie matone dukani. Aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na asisahau kumwambia daktari kwamba kazi yake ni mbao.