Televisheni Iliyozimwa Bado Ina Stima

Leo tunazungumza juu ya televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa.

Kenya ilihamia matangazo ya dijitali mwaka wa 2015. Baadhi ya televisheni hizi bado zatumika kwa king'amuzi. Nyingine zimewekwa stoo, na watoto huzifungua wakitafuta waya za shaba.

Je, hatari iko wapi? Stima ya ukutani ni volti 240. Lakini kioo cha televisheni ya rangi huhitaji volti 20,000 au zaidi ili kutoa picha. Kioo hicho huweka stima kama mtungi unavyoweka maji. Hata ukichomoa plagi, inaweza kubaki humo kwa siku kadhaa. Ile ndogo ya betri ya gari pia hutengeneza stima kali ndani yake.

Fundi aliyefunzwa huchomoa plagi kwanza. Kisha hufunga waya kwenye bisibisi yenye mpini wa plastiki, na ncha ya pili kwenye waya mtupu unaozunguka mgongo wa kioo. Kwa mkono mmoja tu, huingiza bisibisi chini ya kifuniko cha mpira ili stima itoke. Hurudia baada ya dakika chache, kwani stima huweza kujikusanya tena. Hii si kazi yako, mama, wala ya kijana wa shule.

Kumbuka haya:
1. Usifungue kifuniko cha nyuma.
2. Usiweke maji wala maua juu ya televisheni.
3. Mbovu ifungie mbali na watoto. Usiivunje: kioo chake kina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Mtu akipigwa na stima, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza. Ikishindikana, msukume kwa mti mkavu, nawe usimame mahali pakavu. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua mara moja na uitishe msaada kwa nambari 999 au 112. Palipoungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20; usipake dawa ya meno wala mafuta.

Mama mjamzito aliyepigwa na stima aende kliniki siku hiyo hiyo, hata akijisikia mzima, ili mtoto aliye tumboni apimwe.

Mweleze jirani yako pia. Hadi kipindi kijacho, kaeni salama.