Je, Wajua? Video Iliyochezwa Juu ya Mashine za Mazoezi

Je, wajua kwamba moja ya video za muziki zilizopendwa sana duniani ilipigwa kwa kamera moja iliyosimama tuli, bila kukata hata mara moja?

Ni “Here It Goes Again” ya mwaka 2006, ya bendi ya Marekani iitwayo OK Go. Wanaume 4, mashine 8 za kukimbilia. Wanaruka kutoka moja hadi nyingine, wanateleza kinyumenyume, wanapishana bila kugongana. Aliyewapangia mitindo ya kucheza ni Trish Sie, dada wa mwimbaji wao Damian Kulash. Nyuso zao kavu kabisa, kama watu wanaosubiri daladala! Hapo ndipo ninapocheka kila nikiitazama. Mwaka 2007 ilishinda tuzo ya Grammy.

Hawakuishia hapo. “This Too Shall Pass” ya 2010 ina mtambo mkubwa: kitu kimoja kinaangusha kingine, hadi mwisho wanamuziki wenyewe wanarushiwa rangi.

Mwaka 2016 walicheza wakielea ndani ya ndege huko Urusi. Kila mara walielea kwa chini ya nusu dakika tu. Ndege ilipojipanga upya ili waelee tena, walitulia, na vipande hivyo vikaondolewa baadaye.

Mwaka huohuo wakatoa “The One Moment”. Sehemu yake kubwa ilitokea kwa sekunde 4.2, kisha ikapunguzwa kasi.

Anza na ile ya mashine. Itazame na watoto.